Kura ya Mji Mdogo Huanzia Daftarini

Kwa siku kumi, kuanzia Oktoba 11 hadi 20, 2024, kila mtaa na kila kitongoji cha Tanzania Bara kilikuwa na meza yake. Pengine ilikuwa chini ya mwembe, pengine kwenye kibaraza cha ofisi ya mtendaji au darasa lililoachwa wazi na wanafunzi. Mezani palikuwa na daftari, kalamu na karani. Mkazi alitaja jina lake, jinsia na umri, akatia saini au dole gumba, akaondoka. Hakupigwa picha wala hakupewa kadi.

Siku ya kwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alijiandikisha Chamwino, mkoani Dodoma, kwa utaratibu huohuo. Rais, mama lishe na dereva wa bodaboda wote huingia katika uchaguzi wa serikali za mitaa kwa mstari mmoja wa daftari, na asiyeandikwa humo hapigi kura hata akiwa na kadi ya mpiga kura ya miaka yote.

Daftari ndilo mlango wa kwanza, na fomu ya mgombea ni wa pili. Sanduku la kura, ambalo ndilo hupigwa picha na kuandikwa magazetini, huja mwishoni. Mgogoro mkubwa wa chaguzi za mwaka 2019 na 2024 ulianzia kwenye milango hiyo miwili ya mwanzo.

Mji mdogo una nini ndani yake

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Sura ya 287, na ile ya Mamlaka za Miji, Sura ya 288, zinatambua aina tatu za makazi ambayo wakazi wake huchagua viongozi wa ngazi ya chini kabisa. Kijijini watu huchagua mwenyekiti wa kijiji, wajumbe wa halmashauri ya kijiji na wenyeviti wa vitongoji. Katika miji, manispaa na majiji huchaguliwa mwenyekiti wa mtaa na kamati yake. Katikati ya hayo mawili ndipo ulipo mji mdogo.

Mji mdogo ni kijiji kilichokua kikapitiliza. Kibaigwa wilayani Kongwa ilikuzwa na soko la mahindi kando ya barabara ya Dodoma na Morogoro. Mirerani wilayani Simanjiro imejengwa na tanzanaiti. Himo iko njia panda ya Marangu na mpaka wa Holili, na Mikumi imekaa kwenye barabara kuu jirani na hifadhi ya taifa. Miji hii imeshaacha kuwa vijiji kwa sura na kwa biashara, lakini haijafikia hadhi ya halmashauri ya mji. Hubaki chini ya halmashauri ya wilaya, ikiwa na chombo chake kiitwacho mamlaka ya mji mdogo.

Ndani ya mji mdogo hakuna kijiji, kuna vitongoji tu. Wakazi wa kila kitongoji humchagua mwenyekiti wao, na wenyeviti hao ndio huwa uti wa mgongo wa baraza la mji. Mwenyekiti wa mamlaka ya mji mdogo mwenyewe hapigiwi kura na wananchi. Huchaguliwa na wajumbe wa baraza kutoka miongoni mwao.

Kwa hiyo kura moja ya kitongoji hufanya kazi mbili. Humpata mtu wa kuandika barua ya utambulisho, na papo hapo humpata mjumbe wa baraza litakalopanga mambo ya stendi, soko, dampo na machinjio ya mji mzima. Wakazi wengi huijua kazi ya kwanza. Ya pili huigundua siku ushuru wa meza sokoni unapopanda.

> Kura moja ya kitongoji humpata mwandika barua za utambulisho na mjumbe wa baraza la mji kwa mkupuo mmoja.

Diwani si sehemu ya uchaguzi huu. Yeye huchaguliwa kwa kata pamoja na mbunge na Rais, katika uchaguzi mkuu unaosimamiwa na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi. Chaguzi hizi mbili hupishana takriban mwaka mmoja. Ule wa wenyeviti ulifanyika Novemba 27, 2024, na uchaguzi mkuu ukafuata Oktoba 29, 2025.

Kutoka nyumba kumi hadi vyama vingi

Ngazi hii ya uongozi haikuzaliwa na vyama vingi. Katika miaka ya 1960 chama cha TANU kiliweka mabalozi wa nyumba kumi kumi, na kwa miongo miwili na zaidi balozi alikuwa chama na serikali kwa wakati mmoja. Mwaka 1972 serikali za mitaa zenyewe zilivunjwa na kazi zake kupelekwa mikoani na wilayani. Sheria za mwaka 1982 zilizirejesha, na halmashauri zikaanza kazi tena mwaka 1984.

Vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama tu. Kazi ya kiserikali ya ngazi ya chini ikawa ya mwenyekiti wa mtaa, kijiji au kitongoji. Uchaguzi wa kwanza wa ngazi hii chini ya vyama vingi ulifanyika mwaka 1994, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu wa 1995. Tangu hapo umefanyika kila baada ya miaka mitano.

Mazoea ya zamani hayakufutika kwa tangazo. Wapo wazee ambao mpaka leo humwita mwenyekiti wa kitongoji balozi, na wapo mabalozi ambao mpaka leo hutembea kama wenyeviti.

Kanuni hutoka kwa waziri

Bunge halikuandika katika sheria kila hatua ya uchaguzi huu. Limempa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa mamlaka ya kutunga kanuni, na waziri huyo hukaa Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Kanuni za mwaka 2024 zilitoka katika Matangazo ya Serikali manne, Na. 571 hadi 574, yakigawana aina za maeneo, miji midogo ikiwamo.

Agosti 15, 2024, waziri wa wakati huo, Mohamed Mchengerwa, alitangaza siku ya kupiga kura. Wasimamizi wa uchaguzi, ambao katika halmashauri ni wakurugenzi, walitoa tangazo lao Septemba 26, siku 62 kabla ya kura. Chini yao huwapo wasimamizi wasaidizi, watumishi wa umma wanaoteuliwa kwa ajili ya kata, vijiji, mitaa na vitongoji. Hao ndio mgombea hukutana nao ana kwa ana.

Muundo huu una maana moja ambayo haiandikwi kwenye bango lolote. Waziri anayetunga kanuni ni mwanasiasa mwenye chama, na mkurugenzi anayezitekeleza ni mteule wa Rais ambaye naye ana chama. Mtumishi anayepokea fomu yuko chini ya mkurugenzi huyo kikazi. Kila mmoja wao anaweza kuwa mwadilifu kabisa, lakini malalamiko dhidi ya yeyote kati yao hupanda ngazi ileile.

Madaftari mawili, mwaka mmoja

Masharti ya kupiga kura ni mepesi. Mpiga kura awe raia wa Tanzania, awe ametimiza miaka 18, awe mkazi wa kitongoji husika, na asiwe na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari. Zaidi ya hayo, jina lake liwe katika orodha ya kitongoji hicho.

Utata huanzia kwenye neno orodha. Tanzania ina Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, ambalo hutunzwa na Tume, lina picha na alama za vidole, na hutoa kadi. Hilo halitumiki katika uchaguzi wa vitongoji. Uchaguzi huu una orodha yake inayoandikwa kwa mkono na kuanzishwa upya kila mara.

Mwaka 2024 mazoezi haya mawili yalikutana. Tume ilianza kuboresha Daftari la Kudumu mkoani Kigoma Julai 20, kisha ikahamia mikoa mingine kwa awamu. Katikati ya zoezi hilo TAMISEMI nayo ikafungua madaftari yake ya siku kumi. Mkazi aliyepanga foleni ya Tume na kurudi nyumbani na kadi mpya mfukoni hakuwa na sababu ya kudhani kwamba anadaiwa foleni nyingine. Matangazo ya vipaza sauti yalijitahidi kueleza tofauti hiyo, lakini si jambo linaloelezeka vizuri kutoka kwenye gari linalotembea.

> Mwenye kadi ya Tume mfukoni hakuwa na sababu ya kudhani kwamba anadaiwa foleni nyingine.

Neno mkazi nalo lina miiba yake, hasa katika miji midogo. Kijijini kila mtu anajua nani ni wa wapi. Kibaigwa ina wapagazi, madalali na madereva waliopanga vyumba kwa msimu wa mahindi. Mirerani ina wachimbaji wanaohamia mji kwa mwezi au kwa miaka kumi, kulingana na bahati ya shimo. Kanuni humtaka karani aamue nani ni mkazi wa kawaida, ilhali mezani hana bili ya maji wala mkataba wa pango wa kumsaidia. Hutegemea neno la mhusika na macho ya majirani waliosimama kwenye foleni.

Ndiyo sababu orodha hubandikwa mahali pa wazi baada ya uandikishaji, ili wakazi waikague na kuweka pingamizi. Huo ndio ukaguzi pekee wa maana uliopo, nao hutegemea watu kuacha shughuli zao wakasome majina ukutani.

Serikali ilitangaza kwamba watu 31,282,331 waliandikishwa, sawa na asilimia 94.83 ya waliotarajiwa. Iliyataja matokeo hayo kuwa ushahidi wa mwamko. Vyama vya upinzani viliitilia shaka takwimu hiyo, vikidai kuwa katika baadhi ya vituo ziliandikwa hata majina ya wanafunzi wasiotimiza umri. Daftari lisilo na picha wala namba ya kitambulisho halina njia rahisi ya kuupa ushindi upande wowote katika ubishi wa namna hiyo.

Fomu, mahali uchaguzi unapokwama

Mgombea wa uenyekiti wa kitongoji lazima awe na umri wa miaka 21 au zaidi, awe mkazi wa kitongoji hicho, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe na shughuli halali ya kumwezesha kuishi. Asiwe ametiwa hatiani kwa kosa la kukosa uaminifu katika kipindi kilichotajwa. Na lazima awe mwanachama wa chama cha siasa aliyedhaminiwa na chama hicho.

Sharti la mwisho ndilo zito kuliko yote. Hakuna mgombea binafsi. Fundi cherehani anayeaminiwa na kitongoji kizima hawezi kugombea mpaka apate chama, na chama kipate mtu wa kutia saini na kugonga muhuri kwa niaba yake. Vyama vidogo visivyo na ofisi kwenye mji mdogo hupata shida hapo mapema kabisa.

Mwaka 2024 fomu zilichukuliwa na kurejeshwa kati ya Novemba 1 na 7. Uteuzi ulifanyika Novemba 8, na pingamizi zikafuata mara moja. Siku hizo ndizo zinazokumbukwa kwa uchungu kuliko siku ya kura.

Fomu yenyewe si ndefu. Huuliza majina kamili, umri, makazi, kazi na chama, kisha hudai saini na muhuri wa mdhamini. Lakini kila kisanduku ni mahali pa kuteleza. Jina la chama limeandikwa kwa kifupi au kwa urefu? Jina la mgombea linafanana herufi kwa herufi na lile la orodha? Kazi ni mkulima, au mkulima na mfanyabiashara? Aliyesaini kwa niaba ya chama ni wa ngazi inayotakiwa?

Makosa ya aina hii yalitumika kuengua wagombea wengi wa upinzani mwaka 2019. Mengine yalihusu herufi. Vyama vilidai pia kuwa baadhi ya ofisi zilifungwa saa ambazo fomu zilitakiwa kupokelewa. Novemba mwaka huo CHADEMA ilitangaza kujitoa, na ACT-Wazalendo pamoja na vyama vingine vikafuata. Chama tawala, CCM, kilipata zaidi ya asilimia 99 ya nafasi, nyingi kati yake kwa wagombea waliopita bila kupingwa.

> Mwaka 2019 wagombea wengi walishinda kabla kura haijapigwa. Hawakuwa na mtu wa kushindana naye.

Mwaka 2024 vyama vilibaki katika kinyang'anyiro, lakini malalamiko ya kuenguliwa yalirudi kwa wingi. Safari hii jambo moja lilibadilika: mgombea aliyebaki peke yake alipelekwa mbele ya wapiga kura kwa kura ya ndiyo au hapana. Mwelekeo huo umo pia katika Sheria ya Uchaguzi wa Rais, Wabunge na Madiwani, Na. 1 ya 2024, iliyoondoa kupita bila kupingwa katika uchaguzi mkuu. Ni hatua. Lakini anayepiga kura ya hapana dhidi ya mgombea pekee hana mwingine wa kumpa kura ya ndiyo, na hilo halirekebishwi na karatasi.

Aliyeenguliwa ana njia. Kwanza huweka pingamizi kwa msimamizi msaidizi, ambaye mara nyingi ndiye aliyemwengua. Asiporidhika hukata rufaa kwenye kamati ya rufani ya wilaya, inayoongozwa na Katibu Tawala wa Wilaya. Yote haya hufanyika katika siku chache zilizobaki kabla ya kampeni, na kila hatua ina saa yake ya mwisho. Mgombea wa pembezoni anayehitaji nauli ya kwenda wilayani, nakala za fotokopi na mtu wa kumwandikia hoja hushindana na kalenda kwanza.

Hoja ya uraia nayo hustahili kutajwa kwa sababu ya miji kama Himo. Mpaka ukiwa umbali wa daladala moja, na koo zikiwa zimeoana pande zote mbili, pingamizi la kwamba mgombea si raia ni rahisi kuandika na gumu kujibu ndani ya siku mbili. Cheti cha kuzaliwa cha baba aliyezaliwa nyumbani miaka ya 1940 hakipatikani kwa haraka hiyo, kama kilipata kuwapo.

Siku saba za vipaza sauti

Kampeni ni fupi. Mwaka 2024 zilianza Novemba 20 na kumalizika Novemba 26. Kila chama huwasilisha ratiba ili mikutano isigongane, na mikutano yote hufungwa ifikapo jioni.

Katika mji mdogo siku saba zinatosha kwa sababu mgombea hahitaji kujitambulisha. Wapiga kura wanamjua yeye, mkewe, deni lake dukani na ugomvi wake wa mpaka wa kiwanja. Kampeni nyingi ni za mlango kwa mlango, na mkutano wa hadhara huwa mahali pa kupima nguvu ya chama zaidi ya kuuliza sera.

Kanuni hukataza rushwa, matusi, vitisho na kampeni katika nyumba za ibada. Mstari wa rushwa ndio unaovukwa kwa urahisi, kwa sababu mji mdogo una mila ya mkono mtupu haulambwi. Sheria ya uchaguzi iliwahi kuruhusu takrima, yaani ukarimu wa kawaida wa mgombea kwa wapiga kura, mpaka Mahakama Kuu ilipovibatilisha vifungu hivyo mwaka 2006. Tangu hapo sahani ya pilau kwenye mkutano wa kampeni ni kosa. Sahani hiyohiyo kwenye hitima wiki moja kabla ya kampeni ina maelezo mengine, na taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, haiwezi kukaa kila msibani.

Siku ya kura

Vituo hufunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 10:00 jioni. Mpiga kura huonyesha kitambulisho chochote kati ya vilivyotajwa: cha Taifa, kadi ya mpiga kura, leseni ya udereva, bima ya afya na vinginevyo. Karani hutafuta jina kwenye orodha. Asiyeona au asiyejua kusoma huruhusiwa kuja na mtu anayemwamini.

Mawakala wa vyama hukaa ndani. Kura huhesabiwa kituoni baada ya kufungwa, mbele yao, na mshindi hutangazwa papo hapo. Mbele ya watu mia mbili au mia tatu wanaojuana, hesabu ya wazi ina nguvu ambayo sheria peke yake haiwezi kuitoa.

Hapa ndipo uchaguzi wa mwaka 2014 ulipochafuka. Desemba 14 ya mwaka ule baadhi ya vituo vilikosa karatasi za kura au vikapata zenye makosa, na upigaji kura ukaahirishwa katika maeneo kadhaa. Wakurugenzi kadhaa wa halmashauri walivuliwa nyadhifa zao kwa uzembe. Lakini ulikuwa pia uchaguzi ambao muungano wa upinzani wa UKAWA ulipata sehemu kubwa ya mitaa ya mijini, na CCM ilishuka hadi takriban asilimia 80 ya vijiji. Vifaa vilikuwa vibovu, ila ushindani ulikuwapo. Miaka iliyofuata vifaa vilikuja kwa wakati.

Mwaka 2024 CCM ilitangazwa kupata zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za uenyekiti katika vijiji, mitaa na vitongoji.

Nani apulize filimbi

Upande wa serikali una hoja za kiutendaji. Nafasi za uenyekiti pekee ni zaidi ya vijiji 12,000, mitaa zaidi ya 4,200 na vitongoji takriban 64,000. Wakijumlishwa wajumbe, idadi hupanda maradufu. Ni TAMISEMI tu, kwa hoja hii, iliyo na mtumishi katika kila kata, na kuihamishia Tume mzigo huo kungeongeza gharama kubwa kwa kazi ambayo makarani walewale wangeifanya. Serikali husema pia kuwa rasimu ya kanuni ilipelekwa kwa vyama vya siasa na maoni yao kuchukuliwa.

Upande wa pili hujibu kwamba hoja ya gharama haigusi hoja ya haki. Waziri ni mjumbe wa baraza la mawaziri la chama kinachogombea. Mkurugenzi huteuliwa na mwenyekiti wa chama hicho, kwa kofia yake ya urais. Hakuna refa wa mpira, husema wakosoaji, anayelipwa na timu moja na kupangiwa vituo vya kazi na kocha wake.

Ubishi huu umefika mahakamani zaidi ya mara moja. Mei 2019 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vilivyowaruhusu wakurugenzi kusimamia uchaguzi mkuu, katika kesi iliyofunguliwa na Bob Chacha Wangwe. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Juni 2023 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikaona kuwa mfumo huo haukutoa dhamana ya kutosha ya uhuru wa wasimamizi. Kabla ya kura ya 2024 wanaharakati walirudi Mahakama Kuu kupinga TAMISEMI kusimamia uchaguzi wa mitaa. Hawakufanikiwa.

Jambo la kushangaza ni kwamba sheria yenyewe imeshasogea upande wa wakosoaji. Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Na. 2 ya 2024, imeiorodheshea Tume, miongoni mwa kazi zake, kusimamia na kuratibu uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, kwa namna itakavyoelezwa na sheria itakayotungwa na Bunge. Sheria hiyo ya pili haikuwa imetungwa Novemba 2024 ilipofika. Uchaguzi ukaendeshwa kwa kanuni za waziri.

> Kazi ilishaandikwa kwa jina la Tume. Kilichokosekana ni sheria ya kuikabidhi.

Muhuri, posho na kiwanja

Mtu wa nje anaweza kuuliza kelele hizi zote ni za nini kwa nafasi isiyo na mshahara. Mwenyekiti wa kitongoji hupata posho ambayo hutegemea mapato na hiari ya halmashauri, na madai ya posho ni wimbo wa kila kikao cha wenyeviti nchi nzima.

Lakini bila barua yake na ya mtendaji, mkazi hapati dhamana polisi, hafungui akaunti kwa urahisi na hapeleki ombi la mkopo wa asilimia kumi wa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kiwanja kikiuzwa, ndiye shahidi. Ugomvi wa mfereji wa maji machafu humfikia kabla ya kumfikia hakimu. Chakula cha msaada kikija, orodha ya kaya hupitia kwake. Katika mji mdogo unaokua, ambako shamba la juzi ni viwanja vya leo, saini ya shahidi ina bei hata pale isipotozwa.

Kwa vyama kuna jambo jingine. Wenyeviti waliochaguliwa leo ndio watakaowajua wapiga kura kwa majina mwaka mmoja baadaye, uchaguzi mkuu ukija.

Wanawake wana nafasi zilizotengwa. Katika kamati ya mtaa, kati ya wajumbe watano wawili ni viti vya wanawake na watatu ni vya mchanganyiko, ambavyo mwanamke anaruhusiwa kuvigombea pia. Uenyekiti hauna kiti kilichotengwa, na ndiko wanawake hupungua.

Kwa majirani

Utaratibu huu ni wa Tanzania Bara tu. Zanzibar ngazi hii hushikwa na sheha, ambaye huteuliwa. Kenya miji midogo haina tena madiwani wake: mabaraza yao yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013, na bodi ya manispaa huteuliwa na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Uganda wakazi walichagua wenyeviti wa LC1, yaani mabaraza ya vijiji, Julai 2018 baada ya kusubiri miaka 17, na walifanya hivyo kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Daftari lenye kasoro huonekana dogo mbele ya mstari ambao mwenye nyumba anaona mpangaji wake amesimama wapi.

Baada ya kutangazwa

Mshindi huapishwa na kuanza kazi. Asiyeridhika na matokeo anaweza kufungua shauri mahakamani ndani ya siku 30. Ni wachache wanaofanya hivyo, kwani gharama ya wakili huweza kuzidi posho ya miaka yote mitano.

Mwenyekiti hukaa madarakani miaka mitano, isipokuwa afariki, ajiuzulu, ahame au apoteze uanachama wa chama kilichomdhamini. Nafasi ikibaki wazi, uchaguzi mdogo hufanyika kwa kanuni zilezile.

Daftari la siku kumi hurudishwa halmashauri na halitumiki tena. Kura ijayo ikifika mwaka 2029, karani ataketi na daftari jipya, na kila mkazi, hata aliyeandikwa mara tano zilizotangulia, atalitaja jina lake upya.